Kiwakilishi na Kivumishi: Mpaka Baina ya Aina Mbili za Maneno katika Kiingereza, Kiswahili Sanifu na Mazungumzo ya Mitaa ya Eastlands, Nairobi

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kiwakilishi kinavyotenganishwa na kivumishi katika sarufi ya Kiingereza. Yanakusudia pia kuonyesha kwamba mwanafunzi aliyelelewa katika mitaa ya Eastlands mjini Nairobi huijia sarufi hiyo akiwa tayari na sarufi nyingine mbili kichwani: ile ya Kiswahili Sanifu anachofundishwa shuleni, na ile ya Kiswahili anachokizungumza mtaani. Ugumu anaoupata katika somo hili mara nyingi hautokani na uzito wa akili. Hutokana na kwamba lugha hizi zimeuchora mpaka huo mahali tofauti tofauti, naye hajaonyeshwa tofauti hiyo.

Yafaa kuanza na mfano wa sokoni. Mnunuzi amesimama mbele ya rundo la mitumba huko Gikomba. Anainua shati na kusema:

(1) Hii bei gani?

Tungo hii ina maana mbili. Huenda mnunuzi anauliza: hii niliyoishika, bei yake ni gani? Hapo neno "hii" ni kiwakilishi, kwa kuwa limesimama mahali pa shati. Lakini huenda bei imekwisha kutajwa naye anastaajabu: bei hii ni bei ya namna gani! Hapo "hii" ni kivumishi, kwa kuwa linaambatana na nomino "bei" na kuibainisha. Mwenye duka hakosei, kwani husikia kituo na kidatu cha sauti. Msomaji wa maandishi ndiye anayebaki na mashaka.

Mtu anayefuata upatanisho wa Kiswahili Sanifu hawezi kuingia katika mashaka hayo, kwa sababu angeuliza hivi:

(2) Hili bei gani?

Neno "hili" haliwezi kuambatana na "bei", ambayo ni nomino ya ngeli ya I-ZI. Basi lazima liwe limesimama mahali pa shati, na kwa hiyo ni kiwakilishi. Kiambishi kimoja kimelitatua swali zima. Kiingereza nacho kingelitatua kwa njia nyingine kabisa, yaani kwa kitenzi "is", ambacho hakina budi kutokea baada ya "this" ikiwa neno hilo ni kiwakilishi.

Hili si jambo la wanasarufi peke yao. Tangu mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza, Kiswahili kilikuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi za Kenya kama kilivyokuwa Kiingereza. Hadi mtihani wa KCPE ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, mtoto alitakiwa azijue aina za maneno katika lugha zote mbili. Mtihani huo umeondoka, lakini swali limebaki katika vitabu na madarasa ya Mtaala wa Umilisi. Mtoto anayeambiwa na kitabu kimoja kwamba "my" ni kivumishi, na kitabu kingine kwamba ni kiwakilishi, huenda akafikia uamuzi kwamba sarufi ni bahati nasibu. Hiyo ni hasara kubwa kuliko alama moja iliyopotea.

2. Asili ya istilahi

Istilahi ya kiwakilishi ni ya kale. Wanasarufi wa Kiyunani, ambao mafundisho yao yamehifadhiwa katika kitabu kinachohusishwa na Dionysius Thrax, waliyagawa maneno katika aina nane, na aina mojawapo waliipa jina lenye maana ya "badala ya jina". Warumi waliitafsiri istilahi hiyo kama ilivyo, na Waingereza wakaipokea kutoka Kilatini. Kivumishi hakikuwa na bahati hiyo. Katika Kiyunani na Kilatini, vivumishi hunyambuka kama nomino, na kwa hiyo viliwekwa ndani ya fungu la nomino kwa karne nyingi.

Kiingereza kilipoanza kuandikiwa sarufi zake, maneno kama "my", "this" na "each" hayakupata makao ya hakika. Lindley Murray, ambaye sarufi yake ya mwaka 1795 ilitumika kwa muda mrefu katika shule za Uingereza na Marekani, aliyaweka miongoni mwa viwakilishi lakini akayapa jina la mchanganyiko: viwakilishi vya kivumishi. Jina hilo lenyewe lilikuwa ni kukiri kwamba maneno haya yana nyumba mbili.

Mwaka 1933 Leonard Bloomfield aliyatenga maneno kama "this", "my" na "the" akayaita vibainishi, ingawa bado aliwaacha wakazi hao wapya ndani ya ukoo mpana wa vivumishi. Sarufi kubwa ya Quirk, Greenbaum, Leech na Svartvik ya mwaka 1972 ilivitazama vibainishi kama fungu linalojitegemea. Paul Postal naye alidai mwaka 1966 kwamba viwakilishi vya nafsi vyenyewe ni jamaa ya vibainishi. Mojawapo ya hoja zake ni tungo kama "we teachers", ambayo Kiswahili kinayo pia: "sisi walimu", "ninyi watoto". Mwishowe sarufi ya Huddleston na Pullum ya mwaka 2002 ililitia neno "my" katika viwakilishi, kwa hoja kwamba ni umbo milikishi la "I", lakini ikalihesabu "this" kuwa kibainishi hata pale linaposimama peke yake.

Msomaji ataona basi kwamba vitabu vya shule vinapopingana, si lazima kimoja kiwe kimekosea. Kimoja huenda kinafuata umbo na asili ya neno, na kingine kinafuata kazi yake katika tungo. Kosa ni kutomwambia mwanafunzi kipimo kinachotumika.

3. Mpaka katika Kiingereza

Mafundisho ya kawaida darasani husema: neno likifuatwa na nomino ni kivumishi, lisipofuatwa na nomino ni kiwakilishi. Kanuni hii ni fupi na yenye manufaa, lakini haitoshi. Chukua tungo hizi:

(3) a. The house is big.
    b. The house is mine.

Hakuna nomino inayofuata "big" wala "mine". Hata hivyo "big" ni kivumishi, na "mine" ni kiwakilishi. Tofauti hujitokeza pale maneno haya yanapojaribiwa mwanzoni mwa tungo, mahali pa kiima. Alama ya nyota inaonyesha tungo isiyokubalika:

(4) a. Mine is old.
    b. *Big is old.

Kiwakilishi huweza kushika nafasi ya nomino peke yake, na kivumishi cha sifa hakiwezi. Anayetaka kusema (4b) hulazimika kuongeza neno "one": "The big one is old". Neno hilo dogo "one" ndilo linalokalia kiti cha nomino, na bila ya hilo kivumishi hakina pa kuegemea.

Kwa kipimo hiki, maneno ya Kiingereza yanayohusika hugawika katika makundi manne. Kundi la kwanza ni la vivumishi halisi, kama "big", "old" na "wooden". Haya hukubali kukaa kabla ya nomino na baada ya "is", lakini hayawi kiima peke yake. Kundi la pili ni la maneno yasiyoweza kuachana na nomino kamwe: "my", "your", "our", "their", "every", "no" na "the". Kundi la tatu ni wenzi wa hayo wanaosimama peke yao daima: "mine", "yours", "ours", "theirs" na "none". Kundi la nne, ambalo ndilo linalosumbua, ni la maneno yenye umbo moja na kazi mbili: "this", "that", "his", "whose", "which", "some", "all" na "each".

Neno "other" liko baina ya makundi, na mwenendo wake unafundisha jambo. Katika "the other books" halipokei wingi, kama kivumishi chochote cha Kiingereza. Katika "the others" limepokea "-s" ya nomino, kwa sababu limeingia mahali pa nomino. Umbo limefuata kazi.

Maneno mawili yanahitaji uangalifu wa pekee. La kwanza ni "her". Katika "her book" ni kimilikishi, na katika "I saw her" ni kiwakilishi cha nafsi. Mwanafunzi akitaka kuhakikisha, na aweke mwanamume mahali pa mwanamke: "his book", lakini "I saw him". La pili ni "that". Hapa tafsiri ya Kiswahili ndiyo taa nzuri. "That house" ni nyumba ile. "That is true" ni hilo ni kweli. "The man that came" ni mtu aliyekuja. Na "I know that he came" ni najua kwamba alikuja. Neno moja la Kiingereza limegawanyika katika njia nne za Kiswahili, na ya mwisho si kiwakilishi wala si kivumishi, bali ni kiunganishi.

4. Mpaka katika Kiswahili Sanifu

Mtu akitazama juujuu atadhani kwamba Kiswahili hakina mpaka wowote hapa. "Changu" ni "my" na pia ni "mine": "kitabu changu", na "changu kimepotea". Hata vivumishi vya sifa hujisimamia bila ya msaada. Methali isemayo "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza" ina viima viwili, na vyote viwili ni maneno ya sifa yasiyofuatana na nomino. Sababu ni kwamba kiambishi "ki-" kinabeba kivuli cha nomino iliyoachwa. Kazi inayofanywa na "one" katika Kiingereza hufanywa na kiambishi katika Kiswahili. Ndiyo maana sarufi za shule nchini Kenya huzungumza juu ya viwakilishi vya sifa, fungu ambalo Kiingereza hakilihitaji.

Hata hivyo mpaka upo, ila umejificha ndani ya viambishi vyenyewe. Linganisha safu hizi mbili:

(5) mti mkubwa – mti wangu, mti ule
    miti mikubwa – miti yangu, miti ile
    jiwe kubwa – jiwe langu, jiwe lile
    nyumba kubwa – nyumba yangu, nyumba ile
    nyumba kubwa (wingi) – nyumba zangu, nyumba zile

Maneno ya safu ya kwanza huchukua kiambishi cha nomino yenyewe: "mti mkubwa", "miti mikubwa". Maneno ya safu ya pili huchukua kiambishi kile kinachotumiwa na kitenzi: "mti wangu umeanguka", "jiwe langu limeanguka", "nyumba zangu zimeanguka". Katika ngeli ya KI-VI tofauti hii haionekani, kwa kuwa viambishi vya pande zote mbili vimefanana, na pengine ndiyo sababu haitajwi sana darasani, ambako mifano ya "kiti" na "kitabu" hupendwa mno.

Basi Kiswahili kimeyagawa maneno kwa umbo. Upande mmoja kuna "-kubwa", "-zuri", "-refu", hesabu kama "-wili" na "-tatu", pamoja na "-ngapi" na "-ingi". Upande wa pili kuna "-angu" na wenzake, "-le", "-ote" na "-pi". Fungu hili la pili linakaribiana sana na lile ambalo Bloomfield aliliita la vibainishi. Clement Doke, alipopanga istilahi za sarufi ya lugha za Kibantu mwaka 1935, hakuyatoa maneno kama vimilikishi katika fungu la vielezi vya nomino kwa sababu tu yaweza kusimama peke yake. Aliyapa jina jingine pale yanaposimama peke yake, na kwa hiyo akaheshimu umbo na kazi kwa pamoja.

Aidha, Kiswahili kinayo maneno machache ambayo, kama "my" na "mine", yamechagua upande mmoja. "Gani" katika Kiswahili Sanifu huambatana na nomino: "kitabu gani?" "Nini" husimama peke yake: "nini kimeanguka?" Kiingereza hutumia "what" kwa yote mawili. Vilevile "kila" haliachani na nomino. Atakaye kulisimamisha husema "kila mmoja". Tena kuna vimilikishi vilivyofupika na kuganda katika nomino: "mwanangu", "mwenzio", "nduguye". Methali ya "Usiache mbachao kwa msala upitao" imeuhifadhi mfano mmoja, maana "mbachao" ni mbacha wako. Viambishi hivi vya mwisho havisimami peke yake hata kidogo, na kwa tabia yao ni ndugu wa "my" kuliko alivyo "-angu" mzima.

5. Mazungumzo ya mitaa ya Eastlands

Mitaa inayoitwa Eastlands haikujengwa siku moja. Pumwani ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1920, Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, na Buruburu, Umoja na Dandora zikaja katika miaka ya 1970. Waliohamia humo walikuja na Kikuyu, Kikamba, Dholuo, lugha za Kiluhya na nyinginezo, na Kiswahili kikawa lugha ya uani, ya bombani na ya uwanjani. Humo ndimo ilimokomaa Sheng, ambayo imechunguzwa na wataalamu kadhaa, miongoni mwao Abdulaziz na Osinde mwaka 1997, na Chege Githiora katika kitabu chake cha mwaka 2018. Makala haya hayahusiki na msamiati wa Sheng, ambao hubadilika upesi, bali na upatanisho wa kisarufi, ambao umetulia zaidi na husikika hata kwa watu wazima wasiojihesabu kuwa wasemaji wa Sheng.

Tungo zifuatazo ni za kawaida mitaani humo:

(6) a. Kitabu yangu imepotea.
    b. Viatu zangu zimechafuka.
    c. Hii shati imeraruka.
    d. Mtoto wangu ameenda.

Katika nomino zisizo za viumbe, ngeli nyingi zimepunguzwa zikawa mbili: "y-" au "i-" kwa umoja, na "z-" au "zi-" kwa wingi. Nomino za watu zimebaki na upatanisho wao, kama ilivyo katika (6d). Udogoshi wa "ka-" na "tu-" nao umeshika upatanisho wake kwa nguvu: "kale katoto kangu". Kwa hiyo si kweli kwamba lugha ya mitaa haina kanuni. Kanuni zake ni chache, lakini hufuatwa.

Jambo linalostahili kutiliwa mkazo ni hili. Wakati vimilikishi na viashiria vimebaki na umoja na wingi, vivumishi vya sifa aghalabu vimeacha kubadilika: "kitu kubwa", "vitu kubwa", na maneno mapya kama "poa" na "fiti" hayapokei kiambishi chochote. Matokeo yake ni mpangilio huu:

(7) hii kitu kubwa – hizi vitu kubwa
    this big thing – these big things

Kiashiria kinabadilika kwa wingi, kivumishi hakibadiliki, na kiashiria kimetangulia nomino. Katika mambo haya matatu, mazungumzo ya Eastlands yamesogea karibu na Kiingereza kuliko Kiswahili Sanifu kilivyo. Mpaka baina ya fungu la "-kubwa" na fungu la "-angu", ambao katika Kiswahili Sanifu umejificha ndani ya viambishi, umekuwa wazi zaidi katika lugha inayolaumiwa kuwa imeuharibu.

Ushahidi mwingine hutoka katika neno "-ingine". Kiswahili Sanifu husema "nyumba nyingine" kwa umoja na kwa wingi, kwa kiambishi cha nomino, ingawa "lingine" na "jingine" hutumika sambamba, ishara kwamba neno hili lina mguu pande zote mbili. Mitaani husikika "ingine" kwa umoja na "zingine" kwa wingi. Mwalimu husahihisha kwa kalamu nyekundu, na ana haki, maana anafundisha lugha sanifu. Lakini msemaji hakubahatisha: ameliondoa neno katika fungu la sifa na kulitia katika fungu la vibainishi, mahali ambapo maana yake inaliita. Vivyo hivyo, "Unataka gani?" ya mitaani imelipa neno "gani" uhuru wa kusimama peke yake, uhuru ambao "which" unao katika Kiingereza.

Hasara nayo ipo, na haifai kufichwa. Katika Kiswahili Sanifu, mtu akisema "changu kimevunjika", msikilizaji anajua kwamba si shati wala si mlango. Akisema "langu limevunjika", uwanja wa mambo yanayowezekana umebadilika. Mitaani yote ni "yangu imevunjika", na msikilizaji hutegemea macho yake au mazungumzo yaliyotangulia, kama anavyofanya Mwingereza anaposikia "mine". Mashaka ya mfano (1) yanatokana na hasara hiyo hiyo.

Lugha za nyumbani nazo zina la kusema. Mtoto anayezungumza Kikuyu ana mpaka ule ule wa viambishi uliomo katika Kiswahili Sanifu: "nyũmba njega" ni nyumba nzuri, lakini "nyũmba yakwa" ni nyumba yangu. Mtoto wa Dholuo hana ngeli za Kibantu, lakini ana tofauti nyingine iliyo wazi: kiashiria kinachoambatana na nomino huwa kiambishi tamati, kama "wuoyini", yaani mvulana huyu, na kile kinachosimama peke yake ni neno "ma". Kwa mtoto huyo, tofauti ya kivumishi na kiwakilishi cha kuonyesha si somo geni. Huitumia kila siku bila ya kuijua kwa jina.

6. Makosa na asili yake

Yakiisha kueleweka hayo, baadhi ya makosa ya Kiingereza yanayotarajiwa darasani hujieleza yenyewe. Mtoto akiandika "*Give me the big", anatafsiri "nipe kubwa", tungo ambayo katika lugha yake imekamilika. Hajui kwamba Kiingereza kinadai "one". Akiandika "*This book is my", anafuata "yangu", neno moja lenye kazi mbili. Akisema "This is for who?" pale ambapo Kiingereza sanifu kingetumia "Whose is this?", anafuata "Hii ni ya nani?", akikipa kihusishi "for" kazi ya "-a" ya uhusiano. Hakuna hata moja kati ya haya lililotokana na kutofikiri. Kila moja ni kanuni sahihi iliyotumika katika lugha isiyo yake.

Kutoka upande wa pili, mtoto anayeandika insha ya Kiswahili "kitabu yangu" amefuata kanuni ya mtaani. Kumwambia kwamba hajui Kiswahili si sahihi, wala hakumsaidii. Ana Kiswahili kimoja na anahitaji cha pili.

7. Njia ya kufundisha

Kwa kuwa vipimo vingi vilivyotajwa ni vya kitaalamu, mwalimu wa darasa kubwa anahitaji njia fupi. Maswali matatu yanatosha kwa maneno mengi ya Kiingereza yaliyojadiliwa.

Swali la kwanza: je, neno hili linaweza kuwa kiima peke yake? Likiweza, kama "mine", "this" au "each", mwanafunzi aende kwenye swali la tatu. Lisipoweza, kama "big" au "my", aende kwenye swali la pili.

Swali la pili: je, linaweza kukaa baada ya "is" bila ya nomino? "The house is big" inakubalika, basi "big" ni kivumishi. "*The house is my" haikubaliki, basi "my" ni kibainishi, na kitabu cha shule kikiliita kivumishi kimilikishi mwanafunzi atajua ni kivumishi cha namna gani.

Swali la tatu: katika tungo iliyopo, je, neno hilo linaweza kuondolewa na mahali pake pakawekwa "my", au "mine"? Katika "This house is old" mtu aweza kusema "My house is old", na hivyo "this" linafanya kazi ya kivumishi. Katika "This is old" aweza tu kusema "Mine is old", na hivyo "this" ni kiwakilishi. Jozi hii inafaa kwa sababu Kiingereza chenyewe kimezitenga kazi hizo mbili kwa maumbo mawili.

Kabla ya maswali hayo, hata hivyo, ingefaa ubao ugawanywe katika safu tatu: tungo ya mtaani, tungo ya Kiswahili Sanifu na tungo ya Kiingereza. Wanafunzi wenyewe walete za safu ya kwanza. Kondakta wa matatu anayeita "Hii ni ya Kayole!" ametumia kiwakilishi, abiria anayejibu "Hii gari imejaa" ametumia kivumishi. Katika safu ya pili wataona "gari hili limejaa", na kiambishi kikifanya kazi yake. Katika safu ya tatu wataona "this is" na "this vehicle". Safu ya kwanza haiwekwi ili ifutwe kwa kuaibishwa, bali kwa sababu ndiyo pekee ambayo kila mtoto darasani anaimudu bila ya kusitasita.

8. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mpaka baina ya kiwakilishi na kivumishi si mmoja katika lugha zote. Kiingereza huuchora kwa mahali pa neno na kwa jozi chache kama "my" na "mine". Kiswahili Sanifu huuchora kwa aina mbili za viambishi, kisha huruhusu maneno ya pande zote mbili yasimame peke yake. Mazungumzo ya Eastlands yamepunguza viambishi, yakapoteza sehemu ya ubainifu wa Kiswahili Sanifu, lakini yakaweka wazi tofauti ya "hii" na "kubwa" kwa namna inayoshabihiana na Kiingereza.

Utafiti unaohitajika sasa ni wa kukusanya tungo za watoto wenyewe, kwa maandishi na kwa mdomo, katika mitaa kadhaa, ili ijulikane ni kwa kiasi gani neno kama "-ingine" au "gani" limehama fungu, na katika umri gani mtoto huanza kutenganisha "yangu" ya mtaani na "changu" ya darasani. Hadi hapo, mwalimu anayeulizwa na mwanafunzi wake kama "this" ni kiwakilishi au ni kivumishi hana haja ya kujibu kwa neno moja. Na amwombe kwanza mwanafunzi ataje tungo nzima.